Montane, alpine, upland au highland: neno lipi liieleze Nyanda za Juu Kusini kwa Kiingereza?

Anayeandika kibao cha njia ya watalii kule Makete, lebo ya mfuko wa kahawa ya Mbozi au utangulizi wa utafiti kuhusu msitu wa Rungwe hukwama mahali pamoja. Kwa Kiswahili angesema "nyanda za juu" au "milimani" na kila msomaji angeelewa. Kiingereza kinamlazimisha achague, na mbele yake kuna vivumishi vinne: *montane*, *alpine*, *upland* na *highland*. Ukivileta vyote kwa Kiswahili unaishia na "-a milimani" tu, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba vinabadilishana nafasi. Havibadilishani. Mnunuzi wa mchele akisoma neno moja badala ya jingine anaagiza bidhaa tofauti, na mtaalamu wa mimea akiona neno lisilo mahali pake anaanza kutilia shaka ukurasa mzima.

*Montane* ndilo geni kuliko yote. Wengi hulikuta mara ya kwanza kwenye ripoti ya uhifadhi wakadhani mwandishi alikosea kuandika *mountain*. Hakukosea, na sehemu kubwa ya makala hii inalihusu. Ila huwezi kulielewa bila kuliweka kando ya wenzake.

Vigezo vya kulinganisha

Kila neno tumelipima kwa mambo yaleyale. La kwanza ni asili yake na picha linayoleta kichwani mwa msomaji. La pili ni mwinuko: je, neno lina kipimo fulani cha mita, au linalinganisha tu juu na chini? La tatu ni nomino linazoandamana nazo, maana kivumishi cha Kiingereza kina marafiki wake na nje ya hao kinasikika vibaya hata kama maana inaeleweka. La nne ni sarufi, tahajia na matamshi. La mwisho ni mtego, yaani namna neno linavyokosewa hapa hapa kwetu, kati ya Iringa na Ziwa Nyasa.

Weka pia mita chache akilini, zitatusaidia. Ufuko wa Ziwa Nyasa kule Kyela uko chini kidogo ya mita 500 juu ya usawa wa bahari. Bonde la Usangu, wilayani Mbarali, liko juu kidogo ya mita 1,000. Jiji la Mbeya liko kwenye kama mita 1,700, na uwanda wa Kitulo kama 2,600. Vilele virefu kabisa vya kusini, Rungwe na Mtorwi, vinakaribia mita 3,000 lakini havifiki.

Montane

Neno hili limetoka Kilatini, kwenye *montanus*, yaani "-a mlima". *Mountain* nalo lina shina hilohilo, ila lilipitia Kifaransa na midomo ya watu wa kawaida, ilhali *montane* lilichukuliwa na wasomi moja kwa moja. Ndiyo maana hadi leo lina harufu ya maabara na daftari la utafiti. Picha yake si ya kilele wala ya mawe. Ni ya uhai: mimea na wanyama wa ukanda wa mlimani wenye ubaridi na unyevu, kuanzia pale joto la nyanda za chini linapoishia mpaka pale miti inaposhindwa kuota.

Panda Rungwe ukitokea mashambani. Migomba inaisha, viazi vinaisha, unaingia msituni. Mashina ya miti yamevaa majani madogo ya kijani yaliyolowa hata siku isiyo na mvua, na ukigusa tawi maji yanakutiririkia mkononi: ni ukungu ulionasa. Juu zaidi miti inafupika na kujikunja, unakutana na mianzi, kisha vichaka vifupi na nyasi. Karibu yote uliyopita kuanzia pale msitu ulipoanza yanaitwa *montane* kwa Kiingereza cha kitaalamu. Neno hilo linakuambia ni jamii ya viumbe wa namna gani wanaoishi hapo, na hiyo ni habari zaidi ya kusema tu kwamba mahali hapo pana mlima.

Kwa upande wa mwinuko, neno lina kipimo, lakini kipimo chenyewe kinasogea. Mtaalamu wa mimea Frank White, katika kazi yake ya ramani ya uoto wa Afrika iliyotolewa na UNESCO mwaka 1983, aliziunganisha jamii za mimea ya milima ya Afrika chini ya jina *Afromontane*. Kwenye tropiki jamii hizo kwa kawaida ziko juu ya mita 2,000. Hata hivyo, pale hewa ya bahari inapoleta unyevu mwingi, kama kwenye Usambara Magharibi, zinashuka hadi kama mita 1,200. Hapa ndipo wengi huteleza kwa kutafuta namba moja ya nchi nzima. Namba moja haipo. Unyevu na ukungu vinausogeza mstari, kwa hiyo angalia kwanza kinachoota, kisha mita. Wanaotaka kupima kwa makini zaidi wanagawa ukanda: *submontane* chini, *lower montane* kati, *upper montane* juu.

Marafiki wa *montane* ni *forest*, *grassland*, *vegetation*, *species*, *belt* na *zone*. Kitulo, iliyotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake, inaelezwa kwa usahihi kama *montane grassland*. Ndege wanalo pia. Yule mweusi mwenye mkia mrefu anayeonekana kwenye nyasi zenye unyevu za nyanda zetu anaitwa *Montane Widowbird*, na makazi yake yote duniani ni nyanda za juu za Tanzania, Malawi na Zambia. Adui wa neno hili ni binadamu na shughuli zake. *Montane farmer*, *montane hotel* na *montane potatoes* zinamfanya mkulima, hoteli na kiazi waonekane spishi za porini. Usiziandike.

Sarufi yake ni ya kimya. Linakaa mbele ya nomino: *a montane forest*. Kusema *this forest is montane* si kosa, ila ni lugha ya anayepanga vitu kwenye makundi, haifai kipeperushi. *Very montane* haisemwi, kwa sababu kitu ni cha ukanda huo au si cha ukanda huo. Tahajia yake haina "u" wala "i": m-o-n-t-a-n-e. *Mountane* na *montain* ni makosa yanayojirudia, na kirekebisha tahajia cha simu kinaweza kukuletea *Montana*, ambayo ni jimbo la Marekani, kwa hiyo soma tena kabla ya kuchapisha kibao cha chuma. Hutamkwa "MON-tein", na mwisho wake unafanana na *plane*. Wapo wanaoweka mkazo kwenye silabi ya mwisho, nao hawajakosea. Ukiongeza *Afro-* mbele, liandike kama neno moja lenye herufi kubwa mwanzoni, na kumbuka kwamba *a* inageuka *an*: *an Afromontane forest*. Kosa hili dogo hutokea zaidi mtu anapobadilisha kivumishi na kusahau kurudi nyuma herufi mbili.

Mtego mkubwa uko Mufindi. Mashamba ya paina na mikaratusi ya Sao Hill yako juu, yana baridi, yana ukungu, na kwa macho ni msitu. Hata hivyo, *montane forest* inamaanisha msitu wa asili wa ukanda wa mlima. Miti iliyopandwa kwa mistari kwa ajili ya mbao na nguzo ni *plantation*. Andika *pine plantations in the highlands* na hakuna atakayekusahihisha. Ukiita *montane forest*, msomaji wa uhifadhi ataelewa kwamba unahesabu paina kama makazi ya viumbe adimu, na hapo hata takwimu zako nzuri atazitilia shaka.

Linamfaa mtafiti, mwandishi wa vibao vya hifadhi, anayeongoza watalii wa ndege na mimea, na kikundi kinachoandika maombi ya fedha za kulinda msitu. Halimfai sana anayeuza.

Alpine

Hili limetoka kwenye jina la milima ya Alps, Ulaya. Lina maisha mawili, na mtihani ni kujua msomaji wako anaishi kwenye lipi. Kwa msomaji wa kawaida ni theluji, michezo ya kuteleza, nyumba za mbao zenye paa lililochongoka na ng'ombe wenye kengele shingoni. Kwa mtaalamu ni ukanda ulio juu ya kikomo cha miti, pale ambapo mti hauwezi tena kusimama hata ukiupanda.

Kipimo chake ni kikali kuliko cha *montane*. Afrika Mashariki ukanda huo unaitwa *Afroalpine*, na kwa ujumla unaanzia kama mita 3,500 kwenda juu: Kilimanjaro, Meru, Mlima Kenya, Elgon, Ruwenzori. Rudi kwenye namba zetu za mwanzo. Rungwe haifiki hata 3,000. Kwa maana hiyo kali, Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe hazina ukanda wa *alpine*. Na Kitulo je, mbona ni nyasi tupu hadi upeo wa macho? Ni uwanda wa nyasi, kweli, lakini kukosa miti hakutoki kwenye kikomo cha miti. Kwenye mabonde na miteremko ya jirani misitu ipo. *Alpine meadows of Kitulo* inasikika tamu, ila inamwahidi mgeni kitu ambacho hatakikuta, na inamfanya mtaalamu acheke kimoyomoyo. Maua ya Kitulo yanajitosheleza, hayahitaji jina la milima ya watu.

Marafiki wake ni *meadow*, *lake*, *plant*, *garden*, *climbing* na *skiing*. Wauza miche wa Ulaya huita *alpines* mimea midogo ya bustani za mawe, hata ile isiyotoka mlima wowote. Kuna pia majina yaliyokwisha kuganda. Mwanzi mrefu wa misitu ya mlimani unaitwa *African alpine bamboo*, na jina lake la kisayansi lina neno *alpina*, ingawa unaota kwenye ukanda wa *montane*. Jina likishaganda usilirekebishe. Kilicho muhimu ni usilihamishe: mlanzi unaogemwa ulanzi Iringa na Njombe ni mwanzi mwingine kabisa. Mwongoza watalii akiuonyesha ule mkato unaochuruzika ulanzi kwenye chombo na kuuita *alpine bamboo* amekosea mmea, si neno tu.

Kwa sarufi, *alpine* ni jepesi kuliko yote manne. Linakaa mbele ya nomino na baada ya kitenzi: *the scenery is almost alpine*. Herufi kubwa hutumika ukizungumzia Alps zenyewe, ndogo ukizungumzia ukanda wa mlima. Linatanguliwa na *an*. Matamshi ni "AL-pain", na kwa sababu ya sauti hiyo wapo wanaoamini kwamba lina uhusiano na paina. Halina. Herufi p-i-n-e ndani yake zimekutana na mti huo kwa bahati tu.

Linamfaa nani basi? Anayeandika kuhusu Kilimanjaro au Meru atalihitaji. Huku kusini lina nafasi moja halali: kufananisha waziwazi. Nyumba ya wageni iliyo Mufindi, yenye moto sebuleni mwezi Julai na sakitu kwenye nyasi alfajiri, inaweza kuandika *with an alpine feel*. Hapo neno *feel* linakiri kwamba ni mfanano. Hilo ni tangazo la haki.

Upland

Neno hili ni la Kiingereza cha zamani, limeunganisha "juu" na "nchi". Picha yake ni ardhi iliyo juu ya nyingine: juu ya bonde, juu ya mto, juu ya bwawa. Halina mita zake. Ni neno la kulinganisha, na mwenzake ni *lowland*. Uingereza huita *uplands* nchi ya vilima kuanzia kama mita 250 au 300. Kwa kipimo hicho mvuvi wa Kyela anayekung'uta nyavu ufukweni angekuwa mtu wa *upland*, kitu ambacho kwetu hakina maana, kwa kuwa Kyela ndiko tunakoita chini. Kwa hiyo neno hili halisimami peke yake. Lazima sentensi ionyeshe ni juu ya nini.

Utamu na hatari yake viko kwenye mpunga. *Upland rice* haimaanishi mpunga wa milimani. Ni mpunga unaolimwa kama mahindi, kwenye shamba lisilotuama maji, usio na majaruba wala kingo, unaotegemea mvua tu. Kwa Kiswahili ni mpunga wa nchi kavu. Mwinuko hauhusiki. Chukua Mbarali, mita 1,000 na ushee: mpunga wake mwingi ni wa majaruba yanayomwagiliwa, kwa hiyo si *upland rice* ingawa uko juu mara mbili ya Kyela. Na mkulima wa Kyela aliyepanda mbegu za nchi kavu kwenye kipande kisichotuama maji, mita 500 tu, huyo analima *upland rice* kweli. Msafirishaji akiandika *upland rice from Mbarali* kwa nia ya kusifia baridi ya mahali, mnunuzi anasoma mfumo wa kilimo usio wake. Kosa likifika kwenye mbegu ni baya zaidi, kwa sababu aina zilizozalishwa kwa nchi kavu, kama baadhi ya NERICA (New Rice for Africa, mpunga uliozalishwa kwa ajili ya Afrika), zimeandikwa *upland* kwenye maelezo yake. Anayezinunua akidhani ni "mbegu za ukanda wa juu" na kuzipeleka Makete kwenye baridi kali atapoteza msimu. Mpunga hushindwa kufunga punje baridi ikiupata wakati wa kuchanua, na lebo haikumdanganya, ni yeye aliyeisoma vingine.

Pamba nayo ina jina la namna hiyo. *Upland cotton* ni spishi, *Gossypium hirsutum*, na jina linabaki vilevile hata shamba likiwa bondeni.

Marafiki wengine wa *upland* ni *farming*, *soils*, *streams*, *grazing* na *catchment*. Hilo la mwisho ndilo tunalolipenda zaidi kwa eneo letu, maana hapo kulinganisha kunafanya kazi yake yote. Mito inayotoka Poroto na Kipengere inashuka Usangu, inalisha Ihefu na Ruaha Mkuu, kisha maji yanafika Mtera na Kidatu. Anayeandika *upland catchment* amekwisha kusema kwa maneno mawili kwamba kilichofanywa juu kitaonekana chini. *Highland* lingetaja mahali tu, na *montane* lingemrudisha msomaji kwenye mimea.

Sarufi: mbele ya nomino, na *an*. Kama nomino huwa katika wingi, *the uplands*. Matamshi ni "AP-land", mkazo mwanzoni. Linamfaa bwana shamba, mhandisi wa maji, na yeyote anayeandika kuhusu mpunga, ambaye kwa kweli hana neno jingine la kutumia.

Highland

Hili ni neno la mahali na watu. Kwa msomaji wa Uingereza picha ya kwanza ni Scotland: *Highland cattle* wenye manyoya marefu, sketi za miraba, na herufi kubwa mwanzoni. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ni mashamba ya chai, viazi, sweta asubuhi. Serikali ya Kiingereza wakati wa Tanganyika ilikuwa na jimbo lililoitwa *Southern Highlands Province*, na jina limebaki kwenye karatasi mpaka leo.

Ukitazama kwa makini, Kiswahili na Kiingereza havisemi kitu kilekile hapa. Nyanda ni wingi wa uwanda, yaani ardhi iliyo tambarare. *Highlands* inamwonyesha msomaji milima na makorongo. Nyanda za Juu Kusini zina vyote viwili, kwa hiyo tafsiri inakubalika, lakini ukieleza Kitulo au mashamba ya Njombe ni vizuri kuongeza *plateau* ili mgeni asitegemee miinuko mikali tu.

Mwinuko wake hauna kipimo rasmi. *Highland* kwenye mfuko wa kahawa si daraja, ni sifa tu. Mnunuzi wa kahawa anataka mita, na mita hazipatikani kwa kivumishi. Pima kwa GPS ya simu ukiwa nje, mbali na miti mikubwa. Subiri dakika chache namba itulie, maana namba ya kwanza inaweza kukosea kwa makumi ya mita. Chukua kipimo kwenye kipande cha chini kabisa cha shamba na kile cha juu kabisa, rudia siku nyingine, kisha andika vipimo vyote viwili, vikikadiriwa kwa makumi: *grown at 1,450–1,620 metres*. Ushirika wenye wakulima wengi upime mashamba yao, usipime kiwanda cha kukoboa. Kiwanda mara nyingi kimejengwa chini karibu na maji, na namba yake inawaibia wakulima mita zao.

Marafiki wake ni wengi: *coffee*, *tea*, *farmers*, *climate*, *village*, *town*. Wanyama pia wamo. Nyani yule wa msituni aliyetangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005, kutoka misitu ya Rungwe na Livingstone na ile ya Ndundulu upande wa Udzungwa, aliitwa kwanza *highland mangabey* (*mangabey* ni kundi la kima wa msituni). Mwaka uliofuata wataalamu walimpa jenasi yake mwenyewe, *Rungwecebus*, kwa kuona kwamba yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida kuliko na *mangabey*. Jina la Kiingereza likaachwa, likabaki kipunji, ambalo wenyeji wa Rungwe walikuwa nalo tangu awali. Ukiandika kwa Kiingereza leo, andika *kipunji*.

Sarufi ndiyo inayowaangusha wengi. Kivumishi ni *highland*, bila "s": *highland farmers*. Nomino ni *the highlands*, yenye "s". *Highlands farmers* inakubalika tu pale ambapo ni sehemu ya jina la mahali: *Southern Highlands farmers*. *The area is highland* haisemwi. Sema *the area lies in the highlands*. Na ukiandika kwa ajili ya intaneti, ongeza *of Tanzania*. Papua New Guinea ina *Southern Highlands*, na New South Wales kule Australia inayo pia. Bila nchi, anayekutafuta anaweza kuishia kwao.

Nomino moja, vivumishi vinne

Weka *grassland*. *Montane grassland* ni aina ya uoto, na Kitulo ni hiyo. *Highland grassland* ni nyasi za huko juu, sahihi na rahisi. *Upland grassland* inaeleweka, ila msomaji wa Uingereza ataona kondoo wakilishwa. *Alpine grassland* kwa Kitulo ni kosa.

Sasa weka *village*. *Highland village* ni kijiji chochote cha Rungwe au Kilolo. *Upland village* inafaa ukikilinganisha na kijiji cha bondeni. *Alpine village* iko Uswisi. *Montane village* haipo.

Na *rice*: hapo linabaki *upland* peke yake.

Kwa hali yako

Kibao cha hifadhi au utafiti wa viumbe: anza na *montane*, na mara ya kwanza lifuatane na maelezo mafupi kwa wasiolijua, kwa mfano *montane forest, the cool, wet forest of the mountain slopes*. Baada ya hapo litumie peke yake. Usichanganye na *highland* ndani ya ibara moja kwa kutaka urembo wa kutorudia. Msomaji wa sayansi akiona maneno mawili anatafuta vitu viwili.

Chai, kahawa, viazi, parachichi: *highland*, ikifuatwa na mahali na mita. Kahawa inayokua chini ya kivuli cha msitu wa asili ni habari nyingine, na hapo *montane forest* inaweza kutajwa kama mazingira ya shamba, mradi msitu upo kweli na ni wa asili.

Mpunga, maji ya mito, udongo wa miteremko: *upland*, na hakikisha upande wa chini umetajwa katika sentensi hiyo au iliyoitangulia.

Nyumba za wageni na safari: *highland* kwa jina la mahali, *montane* kwa msitu watakaoutembelea, na *alpine* kwa mfanano tu. Kifurushi kinachounganisha Kitulo na Kilimanjaro kinaweza kuyatumia yote mawili kwa haki: *from montane grassland to the alpine zone*. Hapo mgeni anaelezwa kweli ataona nini wapi.

Mwanafunzi kwenye mtihani, au yeyote asiye na muda wa kuhakiki: *mountain* ikiwekwa mbele ya nomino kwa kawaida si kosa, ila si kwa mpunga. *Mountain forest*, *mountain birds*, *mountain village*. Inapoteza usahihi kidogo, haipotoshi.

Anayetafsiri kurudi Kiswahili asitumie "-a milimani" kwa yote. *Montane forest* ni msitu wa asili wa milimani. *Alpine zone* ni ukanda ulio juu ya kikomo cha miti. *Upland rice* ni mpunga wa nchi kavu, na *upland catchment* ni eneo la juu la vyanzo vya maji. *Southern Highlands* ni Nyanda za Juu Kusini, kwa herufi kubwa tatu, kama inavyoandikwa kwenye ramani.